Baba, weka pedi kwenye hesabu ya nyumba

Wazazi wenzangu, hasa akina baba, naomba tuseme wazi. Nyumba nyingi huku kwetu Chamwino hela anashika baba, na baba huyo huyo ndiye binti anayekatazwa kumtajia hedhi. Sasa mtoto aombe kwa nani? Ataomba nje, na wa nje wengi hawatoi bure.

Binti yangu mkubwa alipovunja ungo, bibi yake alimkataza kuchuma mlenda na kukatiza kwenye karanga, eti vitakauka. Nikamwambia, "Mama, shikamoo yako naiheshimu, lakini karanga za huku zinakaushwa na mvua kukatika, si mtoto." Hakupendezwa. Kesho yake binti alichuma mlenda, tukala, na shamba likaendelea kustawi.

Msingoje damu ya kwanza ndipo muongee. Wapo wanaoanza na miaka 10, na asiyeambiwa hudhani anaumwa. Mama aanze, ila binti ajue kwamba baba naye anajua. Hapo ndipo wengi tunakwama.

Kwangu pedi zinaandikwa kwenye mahitaji ya mwezi pamoja na sabuni na mafuta ya kula. Muuza duka akitaka kunifungia kwenye gazeti, namwambia aweke tu na sukari. Mwaka 2018 Bunge, hapa hapa Dodoma, liliondoa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwenye taulo za kike. 2019 ikarudishwa kwa maelezo kwamba bei haikushuka. Bei hizo ni kubwa kwa mkulima, najua, ndiyo maana zipangiwe mapema.

Hela isipotosha, vitambaa safi vya pamba vinafaa. Tatizo ni kuficha. Binti anafua usiku kwa maji kidogo, anakisukuma kitambaa chini ya godoro, asubuhi anakivaa kingali kibichi, kisha anaanza kuwashwa na kunyamaza. Mpe kamba yake uani, jua linapofika, na kiangazi, hata kama dumu la maji mnanunua, atengewe ndoo yake. Awe anabadilisha kila baada ya saa 4 hadi 6, na shuleni asikose ya akiba.

Maumivu ya tumbo ni ya kawaida, lakini yakimlaza kitandani, au damu ikizidi siku 7, au akilowesha pedi nzima kila saa, aende zahanati. Mama akiwa shambani, mpeleke wewe.