Maswali ya Wasomaji: Kusoma Vitabu kwenye Simu na Kutengeneza Programu ya Kuvisomea

Barua tulizopokea safari hii zimetoka pande mbili: wapo wanaotaka kusoma vitabu kwenye simu bila kuchosha macho, na wapo wanaotaka kutengeneza wenyewe programu ya kusomea. Nimeona vyema nizijibu pamoja, kwa kuwa mtengenezaji asiyeujua usumbufu anaoupata msomaji atamaliza nguvu zake kwenye mapambo na kuliacha jambo lenyewe, yaani maandishi yasomeke kwa raha na msomaji asipoteze mahali alipofika.

Ndugu Mshauri, nina vitabu vingi vya PDF. Kila nikifungua kimojawapo herufi zinakuwa ndogo mno, na nikizikuza inanibidi niuburute ukurasa kushoto na kulia kwa kila mstari. Je, tatizo ni simu yangu au ni programu ninayoitumia?

Si simu wala si programu, bali ni aina ya faili. PDF, iliyotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, ilibuniwa ili ukurasa uonekane vilevile popote utakapofunguliwa, na ndiyo maana ukubwa wa herufi, upana wa pambizo na mahali pa kila neno huwa vimekwisha kupangwa kabla faili haijakufikia. Ukurasa uliopangwa kwa ajili ya karatasi kubwa hauna namna ya kujipanga upya kwenye skrini nyembamba, hivyo unachoweza kufanya ni kuukuza au kuupunguza wote kwa pamoja. EPUB, iliyopitishwa kuwa kiwango mwaka 2007 na ambayo tangu 2017 iko chini ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, imejengwa kwa kusudi jingine: maandishi yake hutiririka na kujipanga upya kulingana na upana wa skrini na ukubwa wa herufi anaoutaka msomaji.

Kwa hiyo kitabu kikipatikana kwa aina zote mbili, chukua EPUB, na PDF uiache kwa vitabu vya majedwali, michoro na hesabu, ambavyo mpangilio wa ukurasa ni sehemu ya maana yake. Ukiwa huna budi kusoma PDF, ilaze simu upande na utafute katika programu yako sehemu ya kukata pambizo, kwani hatua hizo mbili peke yake huongeza ukubwa wa herufi kwa kiasi cha kuridhisha. Programu ya Calibre ya kwenye kompyuta inaweza kugeuza PDF kuwa EPUB, ila usitarajie matokeo safi, maana namba za kurasa na vichwa vya juu mara nyingi huingia katikati ya sentensi. Kabla ya kuhangaika, jaribu kuchagua neno moja kwa kidole. Lisipochagulika, huenda ulichonacho ni picha za kurasa zilizoskaniwa, na hapo hakuna maandishi ya kugeuza mpaka kwanza yatambuliwe na programu maalumu ya kusoma picha.

Shikamoo Mshauri. Mimi ni mwanafunzi, nimejifunza misingi ya Kotlin, lugha ya kuandikia programu za Android, na ningependa kazi yangu ya kwanza iwe programu ya kusomea vitabu. Nataka ifungue EPUB, PDF na aina nyingine zote, iwe na duka la vitabu, na iweze kusoma kwa sauti. Nianzie wapi?

Marahaba. Anza kwa kupunguza. Acha duka, acha sauti, na acha PDF, kwa sababu kuonyesha PDF ni kazi nyingine kabisa: Android ina chombo chake kiitwacho PdfRenderer ambacho huugeuza kila ukurasa kuwa picha, na hakuna utakachojifunza huko kitakachokusaidia kwenye EPUB. Kwa kuwa umekwisha kujifunza Kotlin, baki nayo. Wapo watakaokushauri uhamie lugha ya Dart na zana yake ya Flutter ili programu ifanye kazi kwenye Android na iPhone kwa pamoja, na ushauri huo si mbaya, lakini kubadili lugha kabla hujakamilisha hata kazi moja ndiko kunakowafanya wanaoanza wabaki wanaoanza.

Kisha, kabla ya kuandika mstari wowote wa msimbo, kifungue kitabu chenyewe. Chukua faili moja ya EPUB, inakili, na katika ile nakala badilisha mwisho wa jina kutoka .epub kuwa .zip, halafu uifungue kwenye kompyuta. Utakuta faili ndogo iitwayo mimetype, yenye maneno application/epub+zip na si zaidi. Utakuta pia folda ya META-INF, ambayo ndani yake mna faili ya container.xml, na kazi yake kuu ni kukuelekeza ilipo faili ya OPF. Hiyo OPF ndiyo ya kuisoma kwa makini. Ina taarifa za kitabu, kama vile jina, mwandishi na lugha. Ina orodha ya kila faili iliyomo. Na ina sehemu iitwayo spine, inayosema ni faili ipi isomwe kwanza na ipi ifuate. Sura zenyewe ni kurasa za XHTML zilizopambwa kwa CSS, kama kurasa za tovuti, ndiyo maana programu nyingi za kusomea vitabu ni kivinjari kidogo kilichofundishwa kufungua faili za ZIP. Kwenye Android utatumia WebView, yaani sehemu ya mfumo inayoonyesha kurasa za tovuti ndani ya programu, na kwenye iPhone kuna WKWebView.

Hapo kwenye spine ndipo wengi hujikwaa. Mtu huona faili za sura zimekaa ndani ya folda moja, akazipanga kwa majina yake, na kila kitu kikaonekana sawa mpaka msomaji alipomaliza sura ya kwanza akajikuta katika sura ya kumi, kwa kuwa katika mpangilio wa alfabeti sura10.xhtml hutangulia sura2.xhtml. Fuata spine na si vinginevyo. Kumbuka pia kwamba EPUB ni faili inayotoka kwa mtu usiyemjua: funga JavaScript, yaani msimbo unaoweza kujiendesha ndani ya kurasa, kwenye WebView, na unapoifungua ZIP kataa jina lolote la faili lenye nukta mbili za kupanda folda ya juu, kwani jina la namna hiyo linaweza kuandika juu ya faili nyingine za programu yako.

Mpangilio wa kazi ninaoupendekeza ni huu: onyesha sura moja, kisha uwezeshe kwenda sura inayofuata, kisha orodha ya yaliyomo, kisha kuhifadhi mahali alipofika msomaji, kisha kubadili ukubwa wa herufi. Ukifika hapo una programu ya kweli. Kwa majaribio tumia vitabu vya Project Gutenberg, mradi ulioanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, ambao hutoa bure vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha nchini Marekani. Wewe uliye nchi nyingine angalia kwanza sheria ya nchi yako inasemaje. Siku utakapotaka kuwapa watu wengine programu yako waitumie kila siku, nakushauri uutazame mradi wa Readium wa kujengea programu za kusomea, ambao msimbo wake uko wazi na una matoleo ya Kotlin na ya Swift, lugha ya programu za iPhone. Ya kwako uiandike ili uelewe, na ile ya watu uijenge juu ya msingi uliokwisha kukutana na vitabu vibovu vya kila aina.

Ndugu Mshauri, programu yangu ya kusomea EPUB imekamilika kwa kiasi kikubwa, lakini wanaoijaribu wanalalamika kwamba wakikuza herufi wanarushwa kurasa kadhaa, na wengine wakishapokea simu na kurudi wanakuta kitabu kimeanza upya. Ninahifadhi namba ya ukurasa programu inapofungwa.

Nashukuru umeeleza unahifadhi nini na wakati gani, maana makosa yako yamo humohumo. La kwanza ni hiyo namba ya ukurasa. Kurasa anazoziona msomaji katika EPUB hazimo kitabuni. Zimetengenezwa na programu yako papo hapo, kwa kuyagawa maandishi kulingana na skrini, herufi na nafasi kati ya mistari. Tuseme sura imegawanyika katika kurasa 20 na msomaji yuko kwenye ukurasa wa 10, yaani katikati. Akikuza herufi, sura ileile inakuwa na kurasa 30, na maneno aliyokuwa akiyasoma yamesogea hadi ukurasa wa 15. Programu yako inampeleka tena kwenye ukurasa wa 10, na huko anakutana na mambo aliyokwisha kuyasoma.

Hifadhi mahali palipo ndani ya maandishi yenyewe: faili gani ya sura, aya ya ngapi, na herufi ya ngapi ndani ya aya hiyo. Anwani ya namna hiyo haitikisiki hata msomaji akihamia kwenye skrini kubwa. Ipo njia rasmi ya kuiandika, iitwayo EPUB CFI, ila kwa toleo la kwanza namba ya aya na ya herufi zinatosha. Asilimia ya sura ni nafuu kuliko namba ya ukurasa, lakini nayo humkosea msomaji pale sura inapokuwa na picha nyingi zinazobadilisha urefu wake. Na unapomrudisha, subiri WebView imalize kupanga maandishi na kupakia fonti. Ukimrudisha kabla, utampeleka mahali ambapo sekunde moja baadaye patakuwa pengine.

Kosa la pili ni kusubiri programu ifungwe. Android inaweza kuiua programu iliyo nyuma wakati wowote kumbukumbu inapopungua, na hakuna ahadi kwamba onDestroy, sehemu ya msimbo inayotakiwa kuitwa programu inapofungwa, itaitwa. Hifadhi kila ukurasa unapofunuliwa, na uhifadhi tena kwenye onPause, inayoitwa msomaji anapoiacha programu. Kulijaribu hili, nenda kwenye mipangilio ya simu iliyotengwa kwa ajili ya watengenezaji wa programu, uwashe swichi inayoamuru kila shughuli ibomolewe mara mtumiaji anapoiacha. Kisha fungua kitabu, toka, rudi, zungusha simu, toka tena. Programu ikistahimili hayo, itastahimili na simu zinazopigwa.

Nikuongezee ambalo hukuliuliza: usikitambue kitabu kwa njia ya folda faili ilimo. Msomaji akiihamisha faili, programu itakiona ni kitabu kipya na alamisho zake zote zitapotea. Kokotoa alama ya SHA-256, yaani namba ndefu inayokitambulisha kitabu kama alama ya kidole, kutokana na yaliyomo kwenye faili, uitumie hiyo kuwa ufunguo katika hifadhidata yako.

Mshauri, nimepakua programu ya kusomea vitabu, na kabla sijafungua chochote inaomba ruhusa ya kuona namba za watu wangu, mahali nilipo, na faili zangu zote. Je, ni lazima?

Hapana. Kusoma kitabu hakuhitaji namba za watu wala mahali ulipo, na programu inayovitaka hivyo bila kukueleza sababu iondoe. Kuhusu faili, tangu Android 4.4 ya mwaka 2013 programu inaweza kukufungulia dirisha la mfumo ukachagua wewe mwenyewe kitabu (na tangu Android 5.0 ya mwaka 2014, hata folda nzima), ikapata hicho ulichochagua na si zaidi. Zipo programu zinazoomba faili zote ili zikutafutie vitabu vilivyotawanyika kwenye simu; hiyo ni sababu inayoeleweka, lakini unaweza kukataa na bado ukasoma.

Nilinunua kitabu kwenye duka moja la mtandaoni, na sasa programu nyingine zinakataa kukifungua ingawa ni EPUB. Faili imeharibika?

Yaelekea haijaharibika, bali imefungwa kwa kufuli ya kidijitali, na hufunguka tu kwenye programu zinazotambuliwa na muuzaji. Kabla ya kununua tena, soma maelezo ya kitabu uone kama kinauzwa na kufuli au bila kufuli, kwa sababu wapo wachapishaji wasioiweka.

Ndugu Mshauri, mama yangu macho yamepungua nguvu lakini anapenda kusoma. Nimwekee mipangilio gani? Na programu ikisoma Kiswahili kwa sauti mbona inakitamka kama Kiingereza?

Mkuzie herufi ndani ya programu yenyewe, ongeza nafasi kati ya mistari hadi mara moja na nusu ya ukubwa wa herufi, na uzime mpangilio unaonyoosha kingo zote mbili za maandishi. Hili la mwisho linapuuzwa mno. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na herufi zikiwa kubwa mstari mmoja hubeba machache tu, hivyo programu inapolazimisha kingo zilingane hubakiza mapengo makubwa katikati, na jicho dhaifu hupotea humo. Kuhusu rangi, usimwamulie. Wapo wanaopumzika na herufi nyeupe juu ya weusi, na wapo ambao kwao herufi hizo hutawanyika. Mwonyeshe nyeusi, nyeupe na ile ya rangi ya karatasi ya zamani, achague mwenyewe.

Kuhusu sauti, tazama mambo mawili. Kwanza, katika mipangilio ya sauti ya simu hakikisha sauti ya Kiswahili imepakuliwa. Pili, ndani ya ile OPF niliyomweleza mwanafunzi hapo juu kuna mahali pa kutaja lugha ya kitabu, na baadhi ya vitabu vya Kiswahili vimeandikwa "en" hapo badala ya "sw" kwa uzembe wa aliyevitayarisha. Programu inaamini kilichoandikwa. Calibre itakuwezesha kulirekebisha hilo. Baada ya kusahihisha, kipeleke kitabu upya kwenye simu ya mama, ukifute cha zamani.