Barua ya kuacha kazi iko mkobani

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34, nimeajiriwa kwa miaka tisa. Miaka minne iliyopita nilinunua nyumba ndogo nikaipangisha kwa familia moja, na hawajawahi kunisumbua. Sasa kuna jengo la vyumba sita linauzwa. Benki itanikopesha nikiweka rehani nyumba tunayoishi. Nataka niache kazi, upangishaji uwe ndio biashara yangu. Mume wangu nikianza tu kulizungumzia, hunyamaza akatoka nje. Barua ya kuacha kazi nimeibeba mkobani wiki ya tatu sasa. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeifupisha. Kwenye ile ndefu, jengo lilipata kurasa mbili na mume mistari miwili, kwa hiyo nianze na yeye. Wewe unaona anakurudisha nyuma. Mimi naona mtu aliyesikia neno rehani likitajwa juu ya paa linalowafunika watoto wake. Marejesho yakikwama, benki itabisha hodi hapo kwenu. Umewahi kumkalisha ukamwonyesha hesabu, au umemsimulia ndoto tu?

Tupige hesabu basi. Chukua mkopo wa 1,000,000, fedha yoyote uitakayo, riba 12% kwa mwaka, miaka 20. Kila mwezi utarejesha kama 11,011. Mwezi wa kwanza, 10,000 kati ya hizo ni riba. Deni lenyewe linapungua kwa 1,011 tu. Nusu ya deni utaimaliza ukikaribia kutimiza miaka 15. Niliirudia hesabu hii mara mbili, nikidhani nimekosea.

Vyumba sita, kila kimoja 2,500, vinakupa 15,000. Kwenye karatasi inabaki 3,989 na moyo unacheka. Kimoja kikikaa kitupu inabaki 1,489, na hapo hujamlipa fundi, bima, kodi ya serikali wala rangi. Viwili vikiwa vitupu umekusanya 10,000 na benki inataka 11,011. Pengo hilo linazibwa na mshahara, huo huo unaotaka kuuaga. Na kumbuka benki imekukubali kwa sababu ya mshahara huo. Weka tarakimu zako mahali pa zangu, kisha uone unahimili vyumba vingapi vitupu, kwa miezi mingapi.

Unasema wapangaji wako hawajakusumbua. Heri yako, lakini hiyo ni bahati, bado haijawa ujuzi. Mimi nilifundishwa na mpangaji aliyehama usiku na kodi ya miezi mitatu, akaniachia bomba linalovujia hadi kwa jirani wa chini. Mkataba wetu ulikuwa wa mdomo, na amana yake, zile fedha alizotanguliza kufidia uharibifu, nilikwisha kuila. Siku hizi amana inakaa kwenye akaunti ya peke yake, siigusi. Siku ya kukabidhi funguo tunapiga picha kila ukuta, tunatia saini wote wawili. Na nikitaka kumjua mtu, namtafuta mwenye nyumba aliyempangisha kabla ya huyu wa sasa. Huyu wa sasa anaweza kumsifu ili tu aondoke!

Kazi hii unaweza kuianza bila kununua tofali. Wapo wenye nyumba wanaoishi mbali, wapo wazee, wapo warithi wasiojua waanzie wapi. Wasimamie nyumba zao jioni na Jumamosi, kwa asilimia ya kodi unayokusanya. Baadhi ya nchi zinataka leseni kwa hilo, ulizia kwanza. Ukiwahudumia wapangaji kumi wa watu wengine mwaka mzima, utajua kama kweli unaipenda kazi ya kupigiwa simu saa nane usiku kwa sababu choo kimeziba.

Jengo lenyewe silikatai. Muuzaji atakwambia vyumba vinaweza kuingiza kiasi gani. Wewe mwombe stakabadhi za kodi ya pango iliyolipwa miezi 24 iliyopita, na mikataba ya waliomo, maana huenda ukalazimika kuwarithi na masharti yao. Mpeleke fundi asiyejuana na dalali akague paa, nyaya na mabomba ya majitaka. Muuzaji akikataa, amekwisha kukujibu. Kisha iulize benki kama jengo hilo linaweza kuwa dhamana peke yake, hata kwa kuongeza malipo ya mwanzo. Wakisema haliwezi, waulize kwa nini hawaliamini, na usiondoke mpaka ueleweshwe.

Kesho jioni muite mumeo mezani, daftari likiwa wazi. Kalamu mpe yeye, akuandikie ile miezi anayoiogopa. Barua ya kazi itoe mkobani uiweke kabatini, bila tarehe.