Jibu: Nimemwona kwa video, sasa anaomba hela ya ushuru

Habari dada. Unauliza kama mhandisi uliyekutana naye Facebook ni wa kweli, kwa kuwa mmeongea kwa video na sasa anataka laki nane za kukomboa zawadi yako bandarini. Usitume hata shilingi.

Mama yangu mdogo alinaswa hivyohivyo, naye akang'ang'ania: "Nimemwona kwa macho yangu." Oktoba 2024 polisi wa Hong Kong walikamata watu 27 wa genge la matapeli wa mapenzi lililobadilisha sura zao kwa kompyuta, hata kwenye simu za video.

Anza na malipo. Ushuru wa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) hulipwa kwa kumbukumbu namba ya serikali (control number), hauendi kwenye simu ya mtu. Mwombe hiyo namba. Akikupa, ihakiki TRA kwanza. Kuhusu video, sisi yule tapeli wa mama mdogo tulimwambia ageuze uso pembeni na kupitisha kiganja mbele ya pua. Sura ikachezacheza, mara "mtandao" ukakatika. Lakini hata akifaulu hapo, hela usitume.

Ujumbe wa kuomba hela upeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Mazungumzo usiyafute, polisi watayahitaji. Na tafadhali mwambie ndugu mmoja leo. Mama mdogo alikaa na siri hiyo miezi minne, ikamtafuna kuliko hela.