Muulize Anko: Yule mzungu aliyeimba na Amadou na Mariam

SWALI: Anko shikamoo. Kuna wimbo wa Kombe la Dunia 2006 kule Ujerumani, Amadou na Mariam wa Mali wako na mzungu mmoja sauti kama kakabwa na ugali, ni nani huyo na ana nyimbo zingine au ndo huo huo tu? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Umenichekesha na huo ugali, ila hata Wajerumani wenyewe wanamtania, anakatakata maneno na mengine anameza. Anaitwa Herbert Grönemeyer, kazaliwa 1956 Göttingen akakulia Bochum, mji wa makaa ya mawe na chuma, na watu walimjua kwanza kama mwigizaji, ukiiangalia Das Boot, ile sinema ya nyambizi ya 1981, yule mwandishi wa habari kijana ndo yeye. Muziki sasa ulimgomea, albamu nne za mwanzo zote zilibuma.

1984 ndo akaja na 4630 Bochum. Hiyo 4630 ilikuwa postikodi ya mji wake enzi hizo, ile namba ya kuandika kwenye bahasha, sawa na wewe albamu yako uiite S.L.P. Tanga. Ndani yake kuna wimbo unaitwa Bochum, anauambia mji kabisa kwamba we si mrembo, kazi imekufanya wa kijivu, na bado mashabiki wa VfL Bochum, timu ya mpira ya hapo, wanauimba wimbo huo uwanjani kabla ya mechi. Hapo mi namvulia kofia, kusifia mji mzuri nani anashindwa?

Kuhusu maneno, yeye anaanza na muziki, mdomoni anajazia maneno yasiyo na maana yoyote, anayaita maneno ya ndizi, mashairi yenyewe yanakuja baadaye tena kwa tabu.

Halafu Novemba 1998 kansa ikamchukulia kaka yake Wilhelm, ikamchukulia na mke wake mwenyewe Anna, wiki moja tu hiyo, yeye kabaki na watoto wawili. Akanyamaza. Aliporudi 2002 alirudi na Mensch, maana yake binadamu, ikauza zaidi ya kopi milioni 3, ni kati ya albamu zilizouza sana Ujerumani.

Humo tafuta Der Weg, alimwimbia mkewe. Hata kama Kijerumani hujui, sikiliza usiku bila kelele, ndo utajua ule ugali wa kooni una kazi gani.