Lebo inataka masta zangu: nisaini au nibaki mtunzi?

Swali: Natunga na kuimba. Lebo, kampuni ya kurekodi muziki, imeniletea mkataba wa albamu 3: napewa advansi, yaani pesa ya kutangulia, fungu langu ni asilimia 20, na masta zinakuwa zake daima. Rafiki yangu anasema niachane na jukwaa, niwaandikie wengine. Nishike njia ipi?

Jibu: Tuanze na mali, njia itafuata. Wimbo mmoja hubeba mali mbili: utunzi, yaani mashairi na melodi, na masta, ile rekodi iliyotoka studio. Mkataba wako unadai masta. Kuhusu utunzi hujaniambia unasemaje, na hapo ndipo ningeanza kusoma. Ukikuta "kazi zote za msanii" bila ufafanuzi, usisaini; warudishie waandike upya.

Nasisitiza utunzi kwa sababu unaishi muda mrefu. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaulinda uhai wote wa mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kufa kwake. Tena utunzi una meno. Masta za albamu 6 za mwanzo za Taylor Swift, mwimbaji wa Marekani, ziliuzwa mwaka 2019, yeye hakuwa mmiliki. Lakini nyimbo alizitunga mwenyewe au kwa kushirikiana, na anayetaka kuweka rekodi kwenye tangazo au filamu huhitaji ruhusa ya pande zote mbili, ya masta na ya utunzi. Kwa hiyo aliweza kukataa. Kuanzia 2021 akaanza kutoa albamu hizo zikiwa zimerekodiwa upya, na mwaka 2025 akazinunua masta za awali. Ndiyo maana lebo nyingi hukazia kifungu kinachokuzuia kurekodi upya. Angalia chako ni cha miaka mingapi.

Sasa hesabu, maana advansi huwapofusha wengi. Tuseme umepewa 10,000 na inarejeshwa kutoka kwenye fungu lako. Asilimia 20 ya nini inatoa 10,000? Ya 50,000. Yaani rekodi ziingize 50,000 ndipo uone senti ya kwanza ya mrabaha, na zote hizo zimekwenda lebo: 40,000 ni fungu lake, 10,000 ni deni lako. Gharama za studio na video zikiingizwa kwenye deni, mstari wa kumaliza unasogea mbele zaidi. Na deni likiisha, masta bado si zako! Mkopo wa nyumba ukiulipa, angalau nyumba unabaki nayo.

Kwa hiyo kama ulivyo, mimi nisingeusaini. Ningeomba lebo ikodishiwe masta kwa miaka 7 au 10, kisha zirudi kwako. Wakigoma, omba mkataba wa usambazaji tu: wakusambazie nyimbo, masta zibaki zako. Ila tusidanganyane: kumiliki masta za wimbo usiosukumwa na mtu hakulipi kodi ya nyumba. Kama huna mtaji, na lebo hii imewahi kuwainua wasanii wa aina yako, kuiachia miaka kadhaa ni biashara halali. Neno ninalolikataa ni "daima".

Rafiki yako ana hoja, ila kutunga hakukulazimishi kuacha jukwaa. Mtunzi asiyeimba hutegemea koo za wengine, na wapo waimbaji wanaodai fungu la utunzi bila kuandika hata mstari mmoja. Kama jukwaa unalipenda, imba, na pembeni uwaandikie wengine. Kama safari na kelele zinakuchosha, utunzi ni kazi kamili, si njia ya walioshindwa.

Vyovyote utakavyoamua, msitoke studio bila karatasi ya mgawo: jina la wimbo, nani ametunga nini, asilimia zikijumlishwa zifike 100, sahihi za wote, prodyuza wa biti akiwemo. Usichukulie ISRC, msimbo unaopewa kila rekodi, kuwa hati ya umiliki. Inatambulisha rekodi tu. Na mkataba huo usomwe na mwanasheria unayemlipa wewe, siyo aliyeletwa na lebo.