"Samahani, na wewe una mtihani?"

Kijana wa sare aliyesimama ubavuni mwangu kwenye basi la mwendokasi, Dar es Salaam, alikuwa anachungulia kitabu changu tangu Ubungo. Tulipofika Manzese uvumilivu ukamwishia. "Shikamoo. Samahani, na wewe una mtihani?" Nikamwambia sina. Akakunja uso. "Sasa unasoma ya nini?" Akashuka Magomeni kabla sijapata jibu la maana.

Kitabu kilikuwa Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo, ambacho waliopita sekondari Tanzania enzi zetu wanakijua kama wanavyojua wali maharage. Nina miaka 34, kazi yangu ni mahesabu ya ofisi, na kwa miaka mitatu sasa ninachosoma zaidi ni riwaya za vijana. Nilianza kwa kujificha. Nilikuwa najalidi kwa karatasi ya kaki kama mtoto wa darasa la tano, ili wafanyakazi wenzangu wasione jalada. Naandika haya kwa ajili ya mtu mzima anayezitamani lakini anaona haya.

Anza na ile uliyolazimishwa shuleni. Najua hamu ilishakufa. Sisi kidato cha tatu hatukusoma riwaya, tulisoma notsi za riwaya: fani na maudhui, dhamira, wahusika na sifa zao, hoja tatu na mifano. Takadini ya Ben Hanson niliichambua kurasa mbili nzima, nafasi ya mwanamke hiyo, wakati kitabu chenyewe sikukifikisha hata nusu. Nikapata B. Sasa kisome bila kalamu mkononi, halafu uone.

Mimi nilichokiona ni kwamba nimehama upande. Darasani, kwenye Watoto wa Mama N'tilie, nilikuwa upande wa Peter na Zita, wale watoto wanaofukuzwa shule kwa kukosa ada na sare. Mama yao nilimwona kwa mbali tu, mtu anayepita na sufuria. Safari hii nikajikuta niko naye jikoni, napiga naye hesabu ya mkaa, ya ada, ya mume anayekunywa. Kwenye Takadini vilevile. Jina la kitabu ni la mtoto, na sote tuliandika kwamba mtoto ndiye mhusika mkuu. Lakini anayetoroka kijijini kuokoa roho ya mwanawe, kwa kuwa kazaliwa na ualbino na mila inataka asiishi, ni Sekai, mwanamke aliyekaa miaka na miaka akiitwa tasa. Nikiwa na miaka 16 nilimpa Sekai mstari mmoja: "ni jasiri". Basi.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema vitabu hivi mtu huvimaliza utotoni. Utotoni unasoma nusu yake.

Kuna kimoja cha Kiingereza nilikipata kwenye vitabu vya mitumba, vile vinavyotandikwa chini kando ya barabara: The Outsiders cha S. E. Hinton, Mmarekani wa Tulsa aliyeanza kukiandika akiwa na miaka 15. Kilitoka mwaka 1967. Kiingereza chake chepesi, wa kidato cha nne anakimudu. Anayesimulia ni Ponyboy, ana miaka 14, wazazi wamekufa kwa ajali ya gari, analelewa na kaka yake Darry. Darry ana miaka 20 tu. Anapiga kazi za kuezeka mapaa na hana muda wa kucheka, na Ponyboy ameshaamua moyoni kwamba kaka yake hampendi. Usiku mmoja dogo anachelewa kurudi, Darry anafoka, anampiga kofi, dogo anakimbia. Hapo ndipo mambo yote yanapoharibika.

Niliifikia sehemu hiyo Alhamisi moja, saa mbili na nusu usiku, nikiwa nimekaa sebuleni namsubiri mdogo wangu wa kidato cha pili ninayeishi naye. Hotuba nilikuwa nayo tayari, tena yenye vipengele. Ponyboy anaeleza sura ya kaka yake inavyoonekana kwa anayeingia mlangoni akiwa na hofu, na mimi nikaanza kuiwaza sura yangu. Mlango ulipolia nikauliza, "Umekula?" Akasema bado. Nikampashia ugali wake. Hakunieleza alikokuwa, na kesho yake tuligombana vizuri tu kwa habari ya simu, kwa hiyo msinielewe kwamba riwaya inalea. Ila usiku ule tulikula.

Si zote nzuri. Kuna zile ambazo mwandishi amekaa nyuma ya mlango na fimbo: binti anakwenda disko ukurasa wa kumi, ukurasa wa thelathini ana mimba, ukurasa wa mwisho mjomba mwenye busara anatoa nasaha. Fungua katikati, soma mazungumzo ya vijana wawili. Wakiongea kama wanasoma risala mbele ya mgeni rasmi, rudisha kitabu ulipokitoa. Wakitaniana, wakikatizana, wakidanganyana, lipa uondoke nacho.

Uchovu usiwe kisingizio. Sura za vitabu hivi mara nyingi ni fupi, na kutoka Kimara hadi Kivukoni namaliza mbili, foleni ya kupanda basi ikiwa ndefu hata tatu. Kingine, ukimpa mwanao au mdogo wako kitabu ulichokipenda, usimuulize amejifunza nini. Niliwahi kuuliza hivyo. Kitabu kilikaa juu ya friji miezi miwili.

Na dukani muuzaji akikuuliza, "Unamchukulia mtoto?", mwambie unachotaka, mradi akupunguzie bei. Kujalidi bado najalidi, kaki ileile, ila sasa jina la kitabu naliandika juu kwa maka peni, herufi kubwa. Jua la saa kumi mikono inatoa jasho, na jalada laini halimalizi wiki.