Jua kuwaka si ruhusa ya kuogelea chini ya maporomoko

Je, jua likiwaka, watoto wanaweza kuogelea chini ya maporomoko ya maji? Hapana, kuwaka kwa jua hapo mlipo hakutoshi kuwaruhusu. Maji hayo yanatoka juu milimani; mvua ikinyesha huko, mto hujaa ghafla huku kwenu hakuna hata wingu. Kazi yangu ni kuongoza wageni milimani, na hili ndilo ninaloliogopa kuliko utelezi wa mawe.

Mtu mzima mmoja abaki nje ya maji akiangalia upande mto unakotoka. Maji maangavu yakianza kugeuka rangi ya chai ya maziwa, vijiti na majani mabichi yakaanza kupita kwa wingi, au mngurumo ukazidi, watoeni wote mara moja mpande juu, upande ule ulio na njia ya kurudi kwenye gari. Viatu na mikoba acheni.

Hata mto ukiwa umetulia, pale penye povu jeupe msiingie. Maji yale yamejaa hewa, hayamshikilii mtu juu, hata fundi wa kuogelea huzama. Watoto wachezee mbali na povu, maji yasipite magoti.